Njaa haimo ndani ya shimo la Mkunazini

Nimepotea, najua. Mazoezi ya kufundisha yamenikaba. Leo nipo nyumbani Mpendae, mvua inanyesha na umeme haujakatika (ajabu!), basi ngoja niandike.

Wiki iliyopita tuliwapeleka wanafunzi wa Kidato cha Pili kwenye kumbukumbu ya watumwa pale Mkunazini. Mnaijua: shimo, sanamu tano za Clara Sörnäs wa Sweden, minyororo shingoni. Mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, kwani wote walikamatwa kwa nguvu?" Nikamjibu ndio, haraka haraka, nikamwambia arudi kwenye mstari. Wallahi naona haya mpaka leo.

Maana si wote. Chukua Wazigua wa upande wa Handeni. Miaka ya 1830 mvua iligoma, njaa ikawa kali, watu wakashuka pwani kutafuta chakula. Wako waliojiweka rehani, au kuweka watoto wao, wapate nafaka. Wako walioahidiwa kazi, kumbe jahazi linawasubiri. Wengi waliishia Somalia, mashambani. Waliotoroka wakajificha misitu ya Mto Juba, na wajukuu wao husimulia kwamba aliyewaongoza ni mwanamke, Wanankhucha.

Sasa angalia Ireland. Njaa ya viazi, 1845 hadi 1852, iliua kama watu milioni moja, na zaidi ya milioni wakahama. Dublin, kando ya mto Liffey, zipo sanamu za watu waliokonda mifupa nje, wanaelekea melini. Ziliwekwa 1997, takriban wakati mmoja na zetu. Kule njaa inaonekana usoni. Kwetu unaona mnyororo tu, kilichomfikisha mtu kwenye mnyororo hukioni. Siilaumu sanamu, mimi ndiye niliyekuwa mwalimu siku ile.

Kumbukumbu ya Wazigua wale ni lugha yenyewe. Karibu miaka 200 imepita, Kizigua bado kinasemwa Juba. Vita vya Somalia vya 1991 vikawatawanya tena: tangu 2003 wengine wamepokelewa Marekani, wengine wakapewa makaazi Chogo, huko huko Handeni walikotoka mababu. Walifika wanaongea na wenyeji bila mkalimani. Hebu fikiria!

Jumatatu nina kipindi cha kwanza. Yule mtoto anakaa dawati la mbele.