Siri Zetu Zilitoka Kwenye Bahasha, Zikaishia Kwenye "Ruhusu"

Leo nina stori ya dada mmoja wa hapa Mpanda, pande za Makanyagio. Jina silitaji, mkimaliza kusoma mtaelewa kwa nini.

Dada alikopa elfu thelathini kwenye programu ya mikopo ya simu. Akachelewa siku mbili tu. Siku ya tatu mama mkwe wake, mwenyekiti wa kikoba chake na bosi wake wa zamani wote wakapokea meseji kwamba huyu ni tapeli. Hakuna hata mmoja aliyemdhamini! Namba zao zilipatikanaje? Dada alibonyeza "Ruhusu".

Turudi nyuma kidogo. Reli kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950, kwa ajili ya madini ya risasi. Enzi za barua watu wengi hawakuwa na sanduku la posta, walitumia S.L.P. ya shule, kanisa au ofisi. Mtu alijua kabisa barua yake inapita mikono ya watu. Kwa hiyo bahasha iligundishwa vizuri, na yale mazito alipewa msafiri anayeaminika ayaseme kwa mdomo. Kinga yao ilikuwa kumjua anayebeba.

Zikaja simu. Mwanzoni laini ulinunua kama karanga, haulizwi jina. Usajili ukaanza 2009, halafu Mei 2019 ikawa alama za vidole na namba ya NIDA. Januari 2020 ambao hawakusajili wakaanza kuzimiwa. Faida ipo, tapeli anatafutika. Ila tangu hapo namba yako ndiyo wewe, ule ujanja wa kubadilisha laini ukaisha.

Simu janja ndiyo imeharibu kabisa, maana anayebeba siri zako humjui. Programu ukiipa ruhusa ya majina, inaweza kunakili orodha yote na kuipeleka kwao. Ukiifuta kwenye simu, nakala inabaki huko. Na kibaya zaidi, mama mkwe hakubonyeza chochote. Wewe ndiye uliyemtoa.

Serikali haijalala. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na kuna Tume ya kupeleka malalamiko. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 za mikopo zisizo na leseni na kuzipiga marufuku.

Lakini sheria inakuja ukiwa umeshaumia. Kwa hiyo leo hii ingia Mipangilio, Programu, halafu Ruhusa. Tochi inataka majina yako ya nini? Kata. Mahali ulipo, ruhusu pale tu unapotumia ramani. WhatsApp weka uthibitisho wa hatua mbili. Piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa NIDA yako, usiyoijua ikaifute. Na kidole chako usimwazime mtu asajilie laini, hata awe shemeji.

Deni dada alilipa wiki ileile. Kwenye kikoba mpaka leo hajarudi.

Haya, wewe kwenye simu yako umekuta programu gani inayokuchungulia? Dondosha hapo chini, ila jina la mtu usitaje!