Safu ya Lugha: Kunasa

Ungo uliofungwa kwenye ukuta wa nyumba ya London huelekezwa kusini-mashariki, kwenye setilaiti za Astra zilizosimama nyuzi 28.2 mashariki, kilomita kama 36,000 juu ya Ikweta. Yaani juu ya misitu ya mashariki mwa Kongo, kwa wasemaji wenzetu wa Kiswahili! Ungo hunasa mawimbi. Waya huyafikisha kwenye kadi ndani ya kompyuta, na programu hukinasa kipindi cha televisheni kwenye diski, ukitazame usiku utokapo kazini. Wengi husema “kurekodi”, nalo limekaa. Mimi nalipenda “kunasa”, neno la mtego na ulimbo, lililokwisha kutupa kinasa sauti. Linabeba kazi zote mbili: kukidaka kipitacho angani, na kukizuia kisiponyoke.