Zombi wa Kentucky na Msukule wa Kwetu

Kabla ya kuanza kucheza Project Zomboid, mchezo wa kompyuta wa kukwepa zombi, mchezaji humuumba mtu wake. Humchagulia sura, nguo na kazi: zimamoto, seremala, muuguzi, hata mwizi wa majumbani. Kisha huja sehemu ninayoipenda kuliko zote, ya kupimana pointi. Ukitaka awe na nguvu, sharti umtwishe dosari: avute sigara, awe mwoga, au awe kiziwi asiyesikia anayemnyemelea. Ukimaliza unamwachilia Kentucky, Marekani, Julai 1993, na mchezo unakutangazia mapema kwamba hiki ni kisa cha kifo chako.

Zombi mla nyama wa mchezo huu ni mzawa wa juzi. Alienea kutokana na filamu ya George Romero ya 1968, Night of the Living Dead. Zombi wa Haiti aliyemtangulia hakula watu. Alikuwa maiti aliyefufuliwa na mchawi, bokor, ili amlimie. Haiti ni nchi ambayo, hadi watumwa walipoasi mwaka 1791, watu walifia kwenye mashamba ya miwa ya Wafaransa. Waliokulia humo waliogopa jambo zito kuliko kuliwa: kufa, na bado usipumzishwe.

Msukule wa Tanzania ni ndugu wa huyo wa Haiti. Husimuliwa kwamba waombolezaji huzika mgomba wakidhani ni maiti, kumbe mwenyewe amefichwa kwa mchawi, amekatwa ulimi, analishwa pumba na kulimishwa usiku. Imani hii imewaponza wazee wengi waliosingiziwa uchawi, nami siitetei. Lakini kama masimulizi, ina jambo ambalo kundi la maiti wa Kentucky halina: msukule ana jina. Ni fulani, mtoto wa fulani, na ndugu zake huhangaika kwa waganga na wahubiri ili arudishwe.

Kuna mahali pamoja mchezo huu unapomkaribia msukule. Mtu wako aking'atwa hufa, kisha huinuka. Ukiumba mwingine katika ulimwengu uleule, anaweza kukutana na yule wa kwanza akijikokota katika nguo ulizomchagulia, begi lake likiwa mgongoni. Unamjua. Unakumbuka woga wake na sigara zake. Na bado mchezo haukupi la kumfanyia zaidi ya kumkwepa, au kumpiga shoka na kuchukua begi.

Masimulizi ya Haiti humpa zombi chumvi: akiionja, hukumbuka yeye ni nani na kulirudia kaburi lake. Kwetu, jamaa humtafuta. Watengenezaji wa michezo wa Dar es Salaam na Nairobi, tutengenezeeni mchezo ambao ushindi wake ni kumrudisha mtu nyumbani.