Mwaka mmoja wa Syd Barrett

Mtajie shabiki wa roki jina la Pink Floyd, na mara nyingi atakujibu kwa The Dark Side of the Moon, albamu ya 1973 iliyouzwa kwa mamilioni. Sifa hizo inazistahili. Lakini msingi wa bendi uliwekwa 1967 na kijana wa Cambridge aliyekuwa na miaka 21, Syd Barrett, ambaye albamu hiyo ilipotoka alikuwa ameshaachana na wenzake kwa muda wa miaka mitano.

Wenzake hao, Roger Waters, Nick Mason na Richard Wright, walikutana chuoni London wakisomea usanifu wa majengo. Barrett alisomea uchoraji. Jina la kundi alilitunga yeye, kwa kuunganisha majina ya wanamuziki wawili wa bluzi wa Marekani, Pink Anderson na Floyd Council. Mwishoni mwa 1966 walianza kupiga katika klabu ya UFO, mtaa wa Tottenham Court Road, huku taa za rangi zikiwamwagikia mwilini na kibao kimoja kikirefushwa kadiri walivyojisikia. Muziki wa namna hiyo, uliokusudia kumtoa msikilizaji katika mawazo ya kila siku, ndio ulioitwa roki ya saikedeliki.

Wimbo wao wa kwanza kutolewa, Arnold Layne, ulirekodiwa katika studio ya Sound Techniques, Chelsea, chini ya Joe Boyd, ukatoka Machi 1967. Unamsimulia mwanamume anayeiba nguo za wanawake kwenye kamba za kuanikia. Kituo cha Radio London kiliupiga marufuku, lakini ulifika nafasi ya 20 Uingereza. Kampuni ya EMI iliyowasajili ikawahamishia Abbey Road, mikononi mwa Norman Smith, fundi mitambo aliyewarekodi Beatles katika miaka yao ya mwanzo. Beatles wenyewe walikuwa humohumo wakimalizia Sgt. Pepper's.

Smith alitaka nyimbo fupi zenye umbo. Vijana walitaka uhuru wa UFO. Sikiliza Interstellar Overdrive uone walivyopatana: karibu dakika kumi bila neno hata moja la kuimbwa. Waliupiga mzima, kisha wakaupiga tena juu ya rekodi ileile, ndiyo maana kuna mahali utadhani bendi mbili zinafukuzana. Gitaa la Barrett lilipitia Binson, mashine ya mwangwi iliyotengenezwa Italia, naye alizoea kuburuza kiberiti cha chuma juu ya nyuzi mpaka sauti ikateleza kama king'ora.

Albamu, The Piper at the Gates of Dawn, ilitoka Agosti 1967 ikafika nafasi ya 6. Kati ya nyimbo zake 11, nane alizitunga Barrett peke yake: habari za paka, sanamu ya kutishia ndege shambani, baiskeli, sayari. Wengi humwandika kama mwendawazimu aliyebahatika. Naona wanamdhulumu. Mtu hatungi nyimbo nane za namna hiyo kwa bahati.

Kuporomoka kwake kulikuwa kwa haraka na kwa kuhuzunisha. Alitumia dawa ya kulevya ya LSD kupita kiasi, na jukwaani akawa mara nyingine anasimama tu bila kupiga. Mpiga gitaa David Gilmour aliitwa kusaidia. Januari 1968, wakielekea kupiga Southampton, wenzake waliamua kutompitia. Katika albamu ya pili ya bendi alibakiwa na utunzi mmoja tu, Jugband Blues.

Alitoa albamu mbili zake mwenyewe mwaka 1970, kisha akarudi Cambridge, alikofariki Julai 2006 akiwa na miaka 60. Vegetable Man na Scream Thy Last Scream, alizorekodi na bendi 1967, zilikaa kabatini hadi 2016 ndipo zikatolewa rasmi. Kama hujawahi kumsikia, anza na Piper, tena kwa spika nzuri, kabla hujasoma kisa kingine chochote cha kuporomoka kwake.