Kinga ya Wajumbe wa Inchi

Sisi wa Lubumbashi, tukisoma juu ya kinga ya wajumbe wa bunge, twakumbuka tarehe 17 Januari 1961. Sheria ya Msingi ya 1960 ilikataza kumfunga mjumbe wakati wa kikao pasipo ruhusa ya baraza lake, isipokuwa ameshikwa akitenda kosa. Lakini bunge lilikuwa limesimamishwa tangu Septemba 1960: nani angeombwa ruhusa? Basi Patrice Lumumba, mjumbe, na Joseph Okito, makamu wa rais wa Seneti, waliletwa hapa, zamani Elisabethville, pamoja na Maurice Mpolo, wakauawa usiku uleule.

Katiba ya 2006, kifungu cha 107, imeandika tena kinga hiyo. Tuwafundishe Wakristu: mjumbe hapewi kinga apate kuficha wizi, bali sauti ya watu isizibwe. Na bunge likifungwa, kinga ni karatasi tu.