Maneno Marefu ya Sayansi na Historia Yake

Wekeni daftari na kalamu karibu, maana leo tutaandika.

Ninyi mnaojifunza Kiingereza mmekwisha kuona kwamba maneno ya sayansi ni marefu, nayo hutisha. Lakini neno refu ni kama muwa: halimezwi zima, hukatwa pingili pingili. Basi tuanze kukata.

Katika Kiyunani cha kale, bios ni uhai, ge ni ardhi, na logos ni maneno au maelezo. Unganisha, nawe utapata bayolojia, yaani elimu ya viumbe vyenye uhai, na jiolojia, yaani elimu ya ardhi na miamba. Botane ni majani. Kwa hiyo botania ni elimu ya mimea. Wataalamu wa Ulaya walikuwa na lugha mbalimbali, lakini wote walisoma Kilatini, na wengi Kiyunani. Ndiyo sababu walichota maneno yao humo.

Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alitazama kwa hadubini kipande chembamba cha gome linalofanyiwa vizibo vya chupa. Akaona vijumba vidogo vidogo, akavipa jina litokalo katika neno la Kilatini cella, maana yake chumba kidogo. Hiyo ndiyo seli tunayoisoma hata leo.

Mwaka 1759 Linnaeus, mtaalamu wa Sweden, aliuita mbuyu Adansonia digitata. Digitus ni kidole: tazameni jani la mbuyu, limegawanyika kama vidole vya mkono. Adansonia ni heshima kwa Mfaransa Michel Adanson, aliyeuchunguza mti huo huko Senegal.

Angalieni basi: jina la kitaalamu laweza kutaja umbo la kitu, tena laweza kumtaja mtu. Ni mtu gani atajwaye? Hapo ndipo penye historia.

Mwaka 1842 Mwingereza Richard Owen aliunda neno dinosaria: deinos ni ya kutisha, sauros ni mjusi. Kuanzia mwaka 1909 mpaka 1913, wakati wa utawala wa Wajerumani, mifupa ya wanyama hao ilichimbwa Tendaguru, karibu na Lindi. Mamia ya wenyeji walichimba. Wapagazi waliichukua mifupa kichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi, ikapelekwa Berlin. Mmoja wa wanyama hao amesimamishwa huko katika makumbusho, kimo chake zaidi ya mita 13. Mwaka 1914 alipewa jina Brachiosaurus brancai. Leo wataalamu wengi humwita Giraffatitan brancai. Pingili ya mwisho humtaja Branca, aliyekuwa mkuu wa makumbusho hayo.

Je, waliochimba? Msimamizi mkuu wao aliitwa Boheti bin Amrani, fundi hodari wa kuitoa mifupa katika udongo. Jina lake lilingoja muda mrefu. Mwaka 2007 mnyama mmoja wa Tendaguru aliitwa Australodocus bohetii. Australis ni Kilatini, ya kusini. Dokos ni Kiyunani, boriti. Na bohetii ni wa Boheti. Miaka 94 ilikuwa imepita tangu uchimbaji ule ukome.

Sasa kazi ya nyumbani. Mwaka 2010 mnyama wa jamii iliyo karibu na dinosaria, aliyeishi miaka milioni 240 hivi iliyopita, alipewa jina. Mifupa yake ilipatikana kusini mwa Tanzania. Jina ni hili, liandikeni: Asilisaurus kongwe. Likateni pingili pingili, mwandike maana ya kila moja. Sauros mmekwisha kuijua. Hizo nyingine mbili hazihitaji Kiyunani wala Kilatini. Mlizijua kabla hamjaingia darasani.

Kwa herini mpaka somo lijalo.