Lupita Nyong'o: uso uliorudi kupitia woga

Tarehe 2 Machi 2014, siku moja baada ya kutimiza miaka 31, Lupita Nyong'o alipewa Oscar ya mwigizaji msaidizi bora wa kike kwa kuigiza Patsey, mtumwa wa shamba la pamba katika 12 Years a Slave. Afrika Mashariki tulishangilia kama vile mtoto wa jirani kafaulu mtihani. Tukasema, sasa tutamwona mpaka tuchoke.

Hatukumwona, au tuseme tulimsikia tu. Kwenye Star Wars ya 2015 kompyuta ilimgeuza Maz Kanata, kibibi wa zaidi ya miaka elfu moja. Kwenye The Jungle Book ya 2016 alikuwa sauti ya mbwa mwitu. Baadaye alieleza mwenyewe kwamba baada ya tuzo ile aliletewa kazi za kuwa mtumwa tena. Alikataa. Uso wake aliupeleka jukwaani New York, katika Eclipsed ya Danai Gurira, na pia Uganda, akawa mama wa binti mcheza sataranji katika Queen of Katwe ya 2016. Black Panther ya 2018 ilimpa umaarufu mkubwa, ila pale alikuwa mmoja kati ya wengi.

Aliyempa filamu nzima aibebe ni Jordan Peele, na ilikuwa filamu ya kutisha: Us, 2019. Humo Lupita ni Adelaide, mama aliyekwenda likizo na familia yake, na pia ni Red, pacha wake wa kutisha anayetoka chini ya ardhi. Anajikimbiza mwenyewe.

Sisi filamu za kutisha si wageni nazo. Mussa Banzi alitupa Nsyuka na Shumileta, na jina nsyuka kwa Wanyakyusa linagusa wafu wanaorudi. Lakini kwenye hadithi zetu nyingi za aina hii mwanamke huwa jini mrembo wa kuwamaliza wanaume, au mke anayelia pembeni. Katika Us anayetisha na anayetishika ni mtu mmoja, na kufikia mwisho hujui umwonee nani huruma. Hapo ndipo uigizaji wenyewe ulipo.

Haikuwa sifa tupu, lakini. Sauti ya Red ilitokana na ugonjwa halisi wa mishipa ya sauti, wenye ugonjwa huo wakalalamika kwamba wamefanywa mazimwi, na Lupita akaomba radhi. Walikuwa na haki. Wakosoaji wa New York walimpa tuzo ya mwigizaji bora wa mwaka, ila Oscar haikumtaja hata kwenye orodha ya wanaowania.

Mwaka 2024 akarudi tena kwenye woga, A Quiet Place: Day One. Ni Samira, mshairi anayekufa kwa saratani, katika jiji ambalo ukitoa sauti unauawa. Aliyekuwa amefichwa nyuma ya sauti sasa amenyang'anywa sauti, kabaki na macho. Anatembea na paka kifuani, na Lupita alikuwa anaogopa paka kikwelikweli kabla ya kazi hiyo. Baadaye akafuga wa kwake.

Oscar alipewa kwa maumivu ya Patsey. Kwa maoni yangu, filamu za kutisha ndizo zilizomwacha awe mtu mzima kamili: mkali, mwenye kosa, mwenye woga wake. Anayetaka kumjua aanze na Us, na aiangalie mara mbili.